Ubao wa Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa kwa fomu. Ofisi ya elimu inataka kujua darasa la tano lina watoto wangapi, wa kike wangapi, wanaishi wapi, wazazi wao wana kazi gani na wastani wa alama zao ni upi. Nimejaza. Watoto sitini na wanne. Nusu wanatoka Mtaa wa Juu: wana wa makarani, wa wenye maduka, wa walimu wenzangu. Nusu wanatoka Bondeni, walikohamia watu tangu tanuri la matofali lilipofunguliwa. Wastani wa Juu sitini na moja, wa Bondeni thelathini na nane. Safu ya mwisho inauliza sababu. Nikaandika "mazingira ya nyumbani", kama ninavyoandika kila muhula, na sijawahi kurudishiwa fomu.

Joto linachosha. Mvua bado.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga madawati. Utaratibu wangu unajulikana: walioongoza mtihani uliopita wanakaa mbele, wanaofuata nyuma yao, hivyo hivyo mpaka walioshika mkia, ambao wanakaa ukutani kabisa. Darasa letu ni refu kama ukanda. Zamani yalikuwa madarasa mawili, watoto wakazidi, ukuta wa katikati ukavunjwa. Ndiyo maana lina mbao mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ila wa nyuma tumeufunika kwa ramani.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, amepata mstari wa pili. Hakuna aliyenung'unika. Wanalijua neno langu: alama hazina mjomba.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu ametangaza tena kwamba chaki ni kipande kimoja kwa darasa kwa siku. Mkono wa birika. Mimi halinisumbui, kwa sababu mwandiko wangu ni mdogo na umenyooka, na ubao mmoja unanitosha kwa somo zima. Walimu vijana wanaandika herufi kubwa kama mabango, saa nne wameshaishiwa. Vibaki vyangu naviweka kwenye kopo la maziwa. Mke wangu anasema nitazikwa nalo.

Ijumaa, 14 Machi

Zoezi la hesabu, maswali kumi na mawili. Mistari ya nyuma wameacha manne ya mwisho wazi, karibu wote, kama waliokubaliana. Nimewaandikia kwenye madaftari: Usikate tamaa mapema.

Tena wana kelele. Daftari la mtoto wa mbele linapitishwa nyuma, linakwenda linarudi. Nimenyang'anya matatu.

Jumatano, 19 Machi

Mkutano wa wazazi. Niuandike vizuri, kwa sababu utatuletea maneno.

Mkuu alisimama na kusema serikali imetujengea shule mpya ng'ambo ya barabara kuu, na kila darasa lililofurika litapeleka nusu ya watoto wake huko. Nani aende? Akasema hataki lawama, mtihani wa mwisho wa muhula ndio utakaoamua. Watakaoshika nafasi thelathini na mbili za kwanza watabaki, walio chini ya hapo watavuka barabara. Wazazi wa Juu wakapiga makofi. Dada yangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na makofi yake yalisikika kuliko ya wote.

Wazazi wa Bondeni walikuwa wachache, maana saa ile wengi wako kazini. Miongoni mwao alikaa msichana wa darasa langu, mwenye sare iliyofifia, mikono juu ya magoti. Darasani wanamwita Mzazi. Mama yake anafua mashuka hospitalini, anatoka kabla hakujapambazuka, basi mikutano yote ya mdogo wake wa darasa la kwanza anahudhuria yeye. Asubuhi anamshika mkono anamleta, mchana anamsubiri, anamrudisha. Kwenye mtihani uliopita alikuwa wa hamsini.

Akanyoosha mkono.

"Mkuu, samahani. Mtu akipelekwa ng'ambo na mdogo wake amebaki hapa, mdogo ataletwa na nani?"

"Hilo ni la mzazi," mkuu akajibu.

Watu wakacheka. Hakucheka. Alisubiri wamalize, akauliza tena:

"Ndiyo. Na mzazi akiwa ndiye huyo aliyepelekwa?"

Mkuu akasema tuendelee na ajenda.

Tulipotoka nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, atafanyaje ikitokea. Akasema, "Nitaacha mimi, mwalimu. Yeye bado mdogo." Akaenda kumchukua mdogo wake. Nikajiambia kwamba thelathini na mbili si mlima, akijitahidi atafika. Halafu nikakumbuka yale maswali manne anayoyaacha kila wiki, nikaona hatafika.

Jumatatu, 24 Machi

Mawingu tu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Somo la tatu halikusikika kwa kelele za bati.

Jumatatu, 31 Machi

Upepo wa jana umeng'oa mabati juu ya upande wa mbele. Mistari minne ya mbele imelowa chapachapa, na ubao wangu unatiririka. Mkuu alikuja, akainua macho, akashusha. "Geuza darasa," akasema.

Tukaitandua ile ramani. Ubao wa nyuma ni mzima, mweusi kuliko wa mbele. Kila mtoto akageuza dawati lake pale pale lilipo na kutazama upande wa pili. Mstari wa mwisho ukawa wa kwanza. Watoto wa Bondeni walikaa wima kama wageni waliokaribishwa sebuleni ghafla, na wale wa mbele wakabaki mwisho kabisa, wamebanana kando ya kuta pasipovuja.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Zoezi la wiki. Maswali manne ya mwisho yameachwa wazi na mistari ya nyuma, kama kawaida. Nilikwishainua kalamu kuandika Usikate tamaa ndipo nikaona jina kwenye jalada. La mpwa wangu.

Jumapili, 6 Aprili

Dada amekuja nyumbani na mtoto. Hata chai hakuigusa.

"Mdogo wangu, huyu mtoto haoni."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomtupa nyuma."

"Sikumtupa, mvua ndiyo…"

"Usinichoshe na mvua. Kesho nampeleka kwa daktari wa macho."

Mtoto alikuwa akisoma maandishi madogo kwenye pakiti ya majani ya chai, upande wa pili wa meza. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mke wangu, ambaye alinitupia jicho.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari amesema macho ya mtoto ni mazima kabisa na kwamba angependa kuwa nayo yeye. Dada ameudhika zaidi kuliko kama angeambiwa ni mabovu.

Jumatano, 9 Aprili

Watoto walipotoka nilikwenda kuketi dawati la mwisho, alipobanwa mpwa wangu. Nikautazama ubao. Niliona mistari iliyonyooka vizuri sana, myeupe, kama uzi kwenye kitambaa. Neno hata moja sikulisoma. Nikasema ni giza la jioni.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekaa tena, saa sita mchana, jua limetoka. Si giza.

Nimewatazama wanavyofanya. Wa mbele ananakili kutoka ubaoni, akimaliza anampa wa nyuma yake daftari, naye ananakili anapitisha. Swali la mwisho linapofika ukutani, mimi nimeshasema "kalamu chini". Yale madaftari niliyokuwa nikiyanyang'anya ndiyo yalikuwa ubao wao. Nimeona aibu, sina neno lingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejaribu herufi kubwa. Ubao umejaa kwenye swali la saba. Kwa somo la kawaida nafuta na kuandika tena, tunasogea. Kwa mtihani wa maswali thelathini, ambao lazima ukae mbele yao mpaka mwisho, haiwezekani. Karatasi za kuchapisha shule haina.

Chaki imekwisha saa tatu na nusu. Nimefungua kopo la maziwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mtihani wa mwezi, wameuandika wakitazama ubao wa nyuma. Mzazi amekuwa wa ishirini na nne. Mpwa wangu wa arobaini na saba. Nilisahihisha mara mbili. Mkuu aliyatazama matokeo akakuna kichwa.

"Mwalimu, haya matokeo yamepinda."

"Hapana, mkuu. Madawati ndiyo yaliyogeuka."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nitamsifia. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka niwaambie wazazi wa Juu kwamba watoto wao ni hodari kwa sababu wamekaa karibu?" Nikasema si wote. Akasema basi hilo tuliache, matokeo ya mwezi huu ni ya dharura, hayatahesabiwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Mzazi na mdogo wake wamefika wamelowa, mdogo kavaa mfuko wa plastiki kichwani, mkubwa hana kitu. Amejibu maswali mawili ya hesabu kabla sijamaliza kuyasoma. Sikujua ana sauti kubwa hivyo.

Jumatatu, 5 Mei

Dada hana mchezo. Kamati imechanga, mabati mapya yamefika kwenye gari, mafundi wako juu. Yeye mwenyewe amesimama chini na mwavuli, anawaonyesha msumari uende wapi. Nikiwa mkweli, bila yeye shule hii ingekuwa imeshazama. Walimu wote wanamwogopa na wote wanamhitaji.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa mtoto anarudi mahali pake."

Jumatano, 7 Mei

Paa limekwisha. Amri ya mkuu: kila mtoto ageukie mbele na kukaa alipokuwa Machi. Madawati yameburutwa kwa kelele. Mzazi alirudi mstari wa saba bila kuuliza. Alipoketi alimgusa bega mwenzake wa mbele, akanyoosha mkono kupokea daftari, mapema, kabla sijaandika hata tarehe.

Ijumaa, 16 Mei

Maswali manne wazi.

Ijumaa, 23 Mei

Naandika kwa herufi za kati. Hazimsaidii mtu. Walimu vijana wananicheka ofisini kwamba nimezeeka mkono.

Jumatatu, 26 Mei

Kesho mtihani. Nimemwendea mkuu nikamwambia nataka kutumia mbao zote mbili. Maswali yale yale, mbele na nyuma, nusu watazame huku na nusu kule, hata mwandiko wangu mdogo utawafikia.

"Darasa litageuziana migongo kama wanandoa waliogombana," akasema.

"Kwa siku moja tu."

"Na chaki?"

"Ninayo yangu."

Alifikiri, akasema yeye kesho ana kikao ofisi ya elimu na hatakuwepo shuleni, kwa hiyo hakuna alichoambiwa. Nikaelewa. Ndiyo ruhusa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Jumanne, 27 Mei

Nilifika mapema, nikaandika ubao wa mbele, nikauandika wa nyuma. Vibaki vyote vya kopo vimekwenda, vingine vidogo mno nikawa naandika kwa kucha. Nimewageuza mistari minne ya nyuma. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufundisha sikusikia daftari likipitishwa. Darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia mdogo wa Mzazi akiimba na wenzake vyumba vitatu kutoka kwetu, na nikamwona dada yake akitabasamu huku anaandika.

Mpwa wangu aligeuka mara moja kunitazama. Nikamwashiria atazame kazi yake.

Jumapili, 1 Juni

Nimemaliza kusahihisha. Mambo hayakupinduka kama nilivyoogopa, wala kama nilivyotamani. Watatu wa kwanza ni wale wale wa kila siku. Bondeni bado wengi wako chini, maana miaka minne ya kunakili kwa kupokezana haifutwi kwa asubuhi moja. Lakini kumi na mmoja wao wamepanda juu ya mstari, na kumi na mmoja wa Juu wameshuka.

Mzazi ni wa ishirini na tisa.

Mpwa wangu ni wa thelathini na tano.

Jumatatu, 2 Juni

Dada amejua kabla sijabandika. Sijui nani kamwambia, pengine kuta. Alikuja peke yake, akaketi kwenye kile kiti kibovu anachokipenda mke wangu, ninachokiita mume mwenzangu, na hakucheka nilipomwonya kisimwangushe.

"Nafasi tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Nafasi tatu tu, mdogo wangu. Unayesahihisha ni wewe."

"Nimeshasahihisha."

"Sijasema uibe. Kuna swali la maelezo, mtu anaweza kupewa alama mbili au nne, nani atauliza? Nilikulea mimi. Mama alipougua ni nani aliyekuwa akikuogesha?"

"Ni wewe, dada."

"Ile barabara magari yanapita kama risasi. Mtoto ana miaka kumi na moja."

Nikamwambia nikimpandisha wetu, anashuka mwingine, na mwingine naye ana barabara ile ile. Nikamwambia habari za madawati, tangu mwanzo, na daktari wa macho, na kiti cha nyuma nilichokikalia. Sikuwa nimemweleza mtu mwingine zaidi ya mkuu. Alisikiliza huku anazungusha pete yake kidoleni.

"Kwa hiyo siku zote hizi mwanangu alikuwa anapata alama za dawati," akasema polepole.

"Nyingine zake. Nyingine za dawati."

"Na wewe ulikuwa unaandika viherufi hivyo miaka yote, umekuja kustuka zamu ya mwanangu?"

Alisimama akaondoka bila kuaga. Dada yangu hajawahi kuondoka kwangu bila kuaga hata tulipokuwa tumegombana kweli.

Nililia kidogo. Mke wangu alijifanya anatafuta kitu jikoni.

Jumanne, 3 Juni

Nimebandika matokeo.

Jumatano, 4 Juni

Patashika ofisini. Wazazi wa Juu kumi na mmoja wametoa povu, wanasema mtihani si kipimo cha haki na kwamba mtoto si namba. Ni wale wale waliopiga makofi Machi. Mkuu amekata kauli kwamba uamuzi ni uamuzi. Nafikiri alitamani kulegeza, ila mwenyekiti wa kamati hakutokea kuwaongoza. Dada amejifungia nyumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Tumefunga shule. Mzazi alikuja mezani kwangu, mdogo wake kamshika sketi. Nilidhani amekuja kushukuru, na nikawa nimeshatayarisha maneno ya unyenyekevu.

"Mwalimu, jirani yangu wa dawati amekuwa wa arobaini na moja. Anakwenda ng'ambo."

"Najua."

"Kule ubao uko upande gani?"

Nikasema sijui. Akasema ingekuwa vizuri mtu akaangalia. Kisha akamwambia mdogo wake aniage, akaniaga, wakaondoka.

Nikaenda kwa mkuu. Mwalimu wa kuvuka na wale thelathini na wawili alikuwa bado hajapatikana, vijana wote wamepiga chenga, mmoja mgongo, mmoja ndoa. Nikasema nitakwenda mimi.

"Wewe? Na darasa lako?"

"Nusu ya darasa langu inahama, mkuu."

Akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamjibu ndiyo, lakini si hapa shuleni.

Jumamosi, 7 Juni

Fomu ya mwisho wa muhula. Wastani wa Juu, hamsini na saba. Wa Bondeni, hamsini. Kwenye sababu nimeandika: umbali kutoka dawati hadi ubaoni. Naona hii watairudisha.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekatika. Nilimwambia mke wangu nakwenda kuitazama shule mpya, naye akapitisha habari hiyo kwa njia zake, maana nilipofika barabara kuu nilimkuta mpwa wangu amesimama, na hatua chache nyuma yake mama yake, kajitanda khanga, anatazama magari. Hakunisalimu. Nilimwamkia, "Shikamoo, dada," akaitikia "Marahaba" kwa magari. Nikamshika mtoto mkono, tukavuka. Tulipokuwa ng'ambo nikasikia viatu vyake nyuma yetu.

Chumba kina harufu ya saruji mbichi. Ni kirefu pia, sijui kwa nini wanapenda vyumba virefu. Ubao ni mmoja, mpana, mpya. Dada alisimama mlangoni, hakuingia. Mpwa wangu alipita madawati yote, hakuna aliyemwambia, akaenda kuketi lile la mwisho lililogusa ukuta, akaweka mikono juu ya meza.

"Haya mjomba, andika."

Nilikuwa na kibaki kimoja mfukoni. Nikaandika hesabu moja, kwa herufi nilizodhani ni kubwa.

"Sioni."

Nikafuta, nikaandika tena.

"Zaidi."

Nikaandika mpaka mkono ukawa unapita juu ya kichwa changu. Kibaki kilikuwa kimebaki kama punje. Nikageuka. Mtoto alikuwa amekaza macho, midomo inatembea, karibu anasoma, bado hajasoma.

"Zaidi," akasema dada yangu kutoka mlangoni.